Kengele ya Mke wa Kwanza

Rafiki yangu Edvina si mwongo, namjua. Likizoni yeye na mumewe Rwekaza walizunguka Kondoa kwa baiskeli, na wivu ukamla njia nzima. Kila mteremko Rwekaza alipiga, huku akitabasamu, kengele aliyonunuliwa na marehemu mke wake wa kwanza.

Stesheni ya Dodoma Edvina akaifungua kwa siri, akaitupa kwenye pipa la taka.

Ndani ya treni akasikia kring, kring. Kwenye ndege ya Bukoba, juu ya mawingu, kring, kring.

“Umesikia?” akamuuliza mumewe.

“Nini tena, Edvina?”

Walifika nyumbani Muleba giza limeshaingia. Kring. Sauti ilitoka kibanjani, kwenye migomba, alikozikwa yule mwanamke. Edvina akamulika kwa simu. Kengele ilining'inia msalabani, na juu yake alama ya kidole gumba, ya udongo mbichi.