Maziwa ya Mapapai ya Mama Agar

Haya yote ni kweli tupu. Nikidanganya hata neno moja, pikipiki zote za Beni zinikanyage kwa zamu.

Mimi ni Kahongya. Niliendesha lori miaka mingi, sasa nimestaafu. Jirani yangu hapa Kalunguta ni Mama Agar. Asubuhi anachanja mapapai mabichi. Maziwa yanadondoka, anayakusanya, anayakausha, anayapeleka depo ya Butembo. Huko wanayaita papaini.

Mwezi ule maziwa yake yaligeuka kahawia. Kambere, mpokeaji wa depo, aliyakataa.

"Mama, yakikuja tena na rangi hii, nitafuta jina lako ku liste ya wauzaji."

Agar alirudi na mzigo wake. Shamba lake lote ni mipapai.

Nikamwambia, "Usiogope. Tuchome soufre, ule unga wa manjano wa dawa ya mimea. Moshi wake unafanya vitu kuwa vyeupe. Mimi nilipita na lori chini ya volkano ya Goma, nikanusa moshi wake. Unaona nywele zangu zilivyo nyeupe?"

"Papa, hiyo ni uzee!" alisema. Lakini alikubali.

Tuliwasha soufre jikoni kando ya maziwa, mlango umefungwa. Moto wake ulikuwa wa buluu. Mara harufu kali ikatuchoma pua na koo. Séphora, binti yake mwenye pumu, akaanza kutafuta pumzi. Agar akambeba nje haraka. Mimi sikukohoa hata kidogo.

Madame Ngalula, mwalimu wa kemia aliyetumwa huku kutoka Kasaï, alisikia kelele, akaja mbio.

"Nani amewasha hii?"

Sote tukatazama kuku.

Séphora alipopata nafuu, mwalimu akaeleza. "Soufre ikiungua, inashikana na oksijeni ya hewa. Inazaa gazi, dioxyde de soufre. Haina rangi, mais harufu yake inauma. Ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, kwenye batoto banalala. Ikikuta maji, hata maji ya macho na ya koo, inakuwa asidi."

"Na kufanya cheupe, ni uongo?" Agar aliuliza.

"Hapana, ni kweli. Mukuje muone."

Alisimama nje, upepo mgongoni. Aliwasha soufre kidogo sana, kama punje ya mahindi, ndani ya chupa pana. Akaifunika. Moto ukazimika, moshi ukatulia. Chupa ilionekana tupu. Akatumbukiza ua jekundu lililolowa maji, akafunika tena.

"Humo hamuna kitu," nilicheka. "Agar, ua hili likipauka, nakupa jogoo wangu."

Tukainama, tukatazama. Rangi ilififia pembeni kwanza. Kisha ua zima likawa karibu jeupe.

"Eh!" Agar alisema. "Kitu hakionekani, na kinafanya kazi!"

"Donc, kinaua ukungu pia," mwalimu alisema. "Bengine banaweka kidogo sana ku divai na ku matunda makavu. Na kinazuia maziwa yako yasiwe kahawia. Lakini usichome tena. Uliza depo unga unaoitwa métabisulfite. Ndani ya maziwa unatoa gazi ileile, kidogo kidogo. Fuata kipimo chao. Vaa glavu, changanya nje, Séphora akae mbali. Na ukaushe siku ileile."

Agar alifanya hivyo. Wiki iliyofuata tulikwenda Butembo. Kambere alisugua papaini kwa vidole, akaipeleka kwenye mwanga.

"Nyeupe kama fufu ya muhogo! Mama, jina linabaki. Nani alikufundisha?"

Nilisogea mbele. "Ni mimi! Nilikosea kitu kimoja tu, na siku ileile nikalipa jogoo."

Agar akashika kiuno. "Jogoo gani, Papa? Yule aliyewika kwako leo asubuhi? Na nani alikohoa mpaka akaruka uzio, akaacha kiatu kimoja jikoni kwangu?"

Depo nzima ikacheka. Tuliporudi, nilimfukuza jogoo yule mara saba kuzunguka nyumba. Agar na Séphora walikaa kivulini, wakinionyesha alikojificha. Nilimkamata jua likizama. Nikamkabidhi kwa Agar, mbele ya watu.