Shali la Jeneza la Bibi Zoon

Kwetu Srinagar, bibi harusi asiye na shali la pashmina, ile sufi laini ya mbuzi, husemwa mpaka wajukuu wasikie. Kwa hiyo namwonea huruma baba mdogo Qadir, ingawa alichofanya, wallahi, ni aibu tupu.

Mama yake, Bibi Zoon, alijitarizia mwenyewe shali la kufunikia jeneza lake. Alilijaza yale maua ya zambarau tunayopanda makaburini. Mkasi hakuutaka, uzi aliukata kwa meno.

"Nikishazikwa, mpeni maskini," aliusia. "Lisirudi nyumbani."

Lilirudi, kwa siri. Rafiqa, binti wa baba mdogo, alikuwa anakaribia kuolewa, na shali hana. Baba mdogo, naye fundi wa kutarizi, akayafumua maua ya mama yake, akatarizi meupe ya mlozi mahali pake. Akatuambia ni kazi yake mwanzo mwisho. Nasi tukampongeza!

Siku wakwe walipokuja kutazama vyombo vya harusi, jua liliwaka na chai ya chumvi ilichemka.

"Mwali wenu mwembamba huyu, shali litamvaa yeye!" walitania.

Rafiqa akacheka, akajitanda. Akaacha kucheka.

"Baba," alinong'ona, "zito."

"Pashmina haina uzito, mama. Nyamaza."

"Linazidi."

Mama Hajra, mama yake bwana harusi, akainua upindo. Vidole vyake vikatoka na udongo mbichi. Begani mwa Rafiqa, kati ya maua meupe, palikuwa na ua la zambarau. Tukatazama. Yakawa mawili.

"Qadir," Mama Hajra alisema polepole, "umemvika mwanangu nguo ya nani?"

Zambarau ikapanda. Ikafika shingoni. Rafiqa akapiga magoti kwa uzito.

"Ya mama," baba mdogo akasema. "Ya jeneza. Nimemwibia maiti."

Mtu mzima, akajifunika uso mbele ya wakwe. Shali likaanguka lenyewe. Mama Hajra akavua lake, akamtanda Rafiqa. Heri angetutukana.

Alasiri ile ile tulimpa shali mjane mmoja nje ya msikiti. Lilikuwa zambarau tupu, safi, jepesi. Kisha tukaenda kaburini kwa Bibi Zoon kuomba radhi.

Juu ya udongo yalitawanyika maua ya mlozi, ya hariri. Nikageuza moja. Nyuma yake palikuwa na fundo dogo la baba mdogo, nalijua. Uzi ulikuwa umelowa mate, umekatwa kwa meno.