Salamu Zilizoachwa Nje ya Filamu

"Mbona mimi simo?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, kutoka nyuma ya sofa. Filamu ilikuwa imekwisha hivi punde na wageni waliojaa sebuleni walikuwa bado wanapiga makofi. Mama mwenye sherehe, muuguzi aliyestaafu wiki hiyo, alikuwa anafuta machozi kwa leso.

Binti yake ni mhariri wa video. Ndiye aliyekusanya vipande vya salamu kutoka kwenye simu za ndugu, akavipanga na kuviunganisha vikawa filamu moja. Kazi ilikuwa safi, huwezi kujua kipande kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi. Shangazi wote walikuwemo. Hata jirani ambaye kazi yake ni umbea tu alipewa nafasi. Aliyekosekana ni mchumba wa binti mwenyewe, huyo aliyesimama nyuma ya sofa.

"Faili lako liligoma kufunguka," binti alijibu bila kumtazama. "Nimehangaika nalo mpaka nikachoka."

Uongo mtupu, jamani! Faili lilifunguka vizuri sana. Lilifunguka, akamwona mwanaume wake amesimama mbele ya gari lake la kunyonya maji taka, ndani ya ovaroli na buti za mpira. Akawafikiria shangazi zake, akalitoa kabla hajasikia hata neno moja. Maana nyumbani alikuwa amesema mchumba wake "yuko kwenye mambo ya mazingira".

"Pole, mpenzi," mchumba akamwambia. "Kumbe umeteseka peke yako. Si ungeniambia? Bado ninalo kwenye simu."

"Acha tu. Tutaliweka siku nyingine."

"Siku nyingine mama atastaafu tena?"

Mama akageuka. "Nyie wawili mnanong'ona nini?"

"Salamu zangu, mama. Hazikuingia kwenye filamu."

"Basi ziwekeni nizione! Watu si wapo?"

Kaka yake binti akaunganisha simu na televisheni kabla dada yake hajapata uongo wa pili. Ovaroli ile ikajaa skrini nzima. Shangazi mkubwa akakohoa.

"Shikamoo, mama," alisema yule wa kwenye video. "Samahani kwa mavazi, nimeiba dakika kazini. Najua kazi yangu inanuka. Wapo wanaoziba pua nikipita, na siwalaumu. Lakini mwanao, tangu anijue, hajawahi kunionea aibu hata siku moja. Mtu wa namna hiyo halelewi hivi hivi. Asante kwa kunilelea mke."

Sebule nzima ililipuka kwa vigelegele. Mama akamkumbatia binti yake kwa nguvu.

"Nilijua nimelea mtu! Nilijua!"

Binti alitamani ardhi ipasuke immeze. Angenyamaza, angepona, kwa kuwa hakuna aliyejua. Lakini mikono ya mama yake mgongoni ilimshinda.

"Mama, usinisifu. Faili halikugoma. Nilimtoa mimi."

"Ulimtoa? Kwa nini?"

"Niliona aibu. Ile ovaroli. Shangazi..."

Vigelegele vilikatika. Mama akamwachia taratibu.

"Mimi nimeosha wagonjwa maisha yangu yote," alisema. "Mikono hii ndiyo iliyokusomesha. Ulidhani ningemwonea nani aibu?"

Mchumba alichomoa simu yake kwenye televisheni.

"Pale niliposema hujawahi kunionea aibu," alimwambia, "pakate. Si kweli tena."

Akamuaga mama kwa heshima zote, akatoka.

Kesho yake asubuhi binti alituma ujumbe: "Nisamehe, mpenzi."

Ulisomwa.

Akatuma mwingine: "Nimeunganisha filamu upya. Uko mwanzo kabisa, kabla ya shangazi."

Safari hii jibu lilikuja: "Shida yangu si filamu."

Alilia pale pale mbele ya kompyuta. Kisha akajifuta, akavaa viatu, akaenda mwenyewe kwenye yadi ya magari ya maji taka, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga tangu wajuane.

Dereva mmoja alimsimamisha getini. "Dada, umepotea? Huku kunanuka."

"Sijapotea. Namfuata mchumba wangu."

Alisema kwa sauti ya kusikika yadi nzima. Mchumba alikuwa anaosha bomba, hakuinua kichwa.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Leo uko hapa. Shangazi zako wakikuona?"

"Nimewapigia wote kabla sijatoka. Nimewaambia unafanya kazi gani, na kwamba nakuja huku."

"Wakasemaje?"

"Mmoja amekata simu. Mkubwa ameuliza kama mnaweza kupita kwake, choo kimejaa, alikuwa anaona haya kusema."

Mwanaume alijitahidi asicheke, akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea gari. Kisha uso ukarudi kuwa mgumu.

"Umeniumiza sana, ujue."

"Najua. Nitakumbuka kila siku."

Alifunga maji, akatundika bomba.

"Buti ziko nyuma ya mlango ule. Zitakupwaya. Twende kwa shangazi yako, na utanitambulisha wewe mwenyewe."

Binti alizivaa, akapanda mbele, akashusha kioo cha upande wake ili kila mtu amwone.