Ngolo za Mkono wa Kushoto

Asubuhi moja ya Machi, Mansuetus alikatiza shamba la mzee Ignatio akiwahi basi la Mbinga mjini. Mteremko karibu wote ulikuwa umechimbwa ngolo, mashimo ya kilimo cha milimani, tayari kwa maharage. Alisimama kuzitazama. Basi likampita.

Kwenye ngolo, mwanaume hulaza majani yaliyofyekwa kwa miraba. Mwanamke huchimba katikati na kuyafukia, tuta likazunguka shimo. Kila mwanamke ana mkono wake. Gaudiosa, mke wa Mansuetus, alitumia mkono wa kushoto: udongo wake ulilalia kulia, na kila pembe aliishindilia kwa kisigino. Miaka mitatu iliyopita alikwenda gulioni Kitai. Hakurudi.

Udongo wa Ignatio wote ulilalia kulia. Kila pembe ilikuwa na alama ya kisigino.

"Shikamoo, mzee. Nani kakuchimbia?"

"Marahaba. Siku hizi umekuwa bwana shamba?" Ignatio alicheka. Hakuwa na mke wala binti. "Vibarua wangu hawapendi kutazamwa."

Mansuetus alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake, Kunigunda. Alipomweleza alichokiona, bibi hakushangaa.

"Tangu lini nakwambia mwanangu hajafa, kachukuliwa msukule? Ukawasikiliza ndugu zako. Mkaanua tanga, mkafunga msiba, bila maiti." Kisha akanong'ona: "Kamlazie majani, mkwe. Akija, usigeuke. Mwambie mnamsubiri, ndipo atarudi."

Adhuhuri, ukungu uliposhuka, Mansuetus alirudi shambani kwa Ignatio, kwenye kona iliyokuwa haijachimbwa. Alifyeka, akalaza miraba minne kama alivyozoea kumlazia. Akakaa, mgongo akaupa shamba.

Jembe lilianza nyuma yake.

Taratibu. Jembe. Jembe. Kisigino.

"Mama Asteria," alinong'ona.

Jembe likanyamaza.

"Asteria anasoma?" Sauti ilikuwa yake, imekauka kama ya mtu ambaye siku nyingi hajasemeshwa.

"Yuko la tatu. Twende nyumbani."

"Mnanisubiri?"

Neno moja tu lilitakiwa. Lakini miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumdanganya, na ulimi haukujua pa kuanzia.

"Tulianua tanga," alisema. "Mwaka jana. Nilinyolewa."

Pumzi moja, karibu na sikio.

"Basi, baba Asteria. Mimi nilikuwa nawaambia wenzangu kwetu bado hawajaanua."

Mansuetus aligeuka. Ukungu tu. Alikimbia mteremko mzima akiita, mpaka sauti ikamkauka.

Jua lilipotoka alirudi kwenye kona ile. Miraba mitatu ilikuwa imefukiwa. Kutoka kwenye wa nne, juu ya udongo mbichi, nyayo za Gaudiosa zilipanda kuelekea msituni. Alipiga magoti azitazame vizuri.

Ndani ya kila unyayo kulikuwa na unyayo mwingine, mdogo, wa mtoto wa miaka miwili hivi, aliyekuwa akikanyaga pale mama yake alipokanyaga.