Asali ya Mama Delma

Sinake aliamka kabla ya mume wake, kama kawaida. Alipuliza moto. Alifukia viazi vitamu kwenye majivu ya moto. Aliwafungulia nguruwe, akafagia uwanja. Kisha yeye na binti yake Delma walishuka bondeni kuangalia mizinga ya nyuki kabla Delma hajaenda shule.

Mimi ni jirani yao. Nyumba yangu iko ng'ambo ya kijito, na njia ya kwenda kwenye mizinga inapita mlangoni kwangu.

"Mama Delma, nyuki wameamkaje?" nilimuuliza.

"Wameamka na kazi," alijibu. "Wanaolala mpaka jua kali hapa kwetu ni wanaume tu."

Tulicheka. Mume wake, Atiho, alikuwa bado anakoroma.

Mizinga ilikuwa sita, imepangwa chini ya mivinje. Sinake alianza na mmoja tu. Alifundishwa na Joisi, bibi nyuki wa wilaya, afisa wa ufugaji. Atiho alipouona mzinga wa kwanza, aliwaita wenzake waje kuangalia. "Njooni! Mke wangu anafuga nzi!" Lakini Sinake alipopeleka asali yake ya kwanza sokoni, mjini Goroka, chupa zote ziliisha kabla ya saa sita mchana. Tangu siku hiyo Atiho aliacha kucheka. Alianza kusema "mizinga yetu".

Walikuwa na kahawa pia. Sinake aliipalilia, aliichuma, aliimenya, aliianika. Siku ya kuuza, Atiho alikaa mbele kwenye gari la mnunuzi, akaenda mjini. Alirudi na samaki wa kopo na harufu ya bia. Sinake hakuuliza. Hapa kwetu mti wa kahawa ni wa mwenye ardhi, na ardhi ni ya ukoo wa mume.

"Lakini nyuki wanaruka," aliniambia siku moja. "Hawana ukoo. Asali ya mwaka huu ni ya Delma."

Delma alikuwa darasa la nane, la mwisho kabla ya sekondari, na hakuna msichana aliyemshinda. Shule ya sekondari iko mbali, na ni ya bweni. Ukifika mwanzo wa mwaka mikono mitupu, bila ada, nafasi yako anapewa mwingine.

Mwezi wa tano, mama yake Sinake alifariki. Sinake alikwenda kwao, bonde la mbali, kuomboleza. Delma alibaki kwa sababu ya masomo.

Wakati huo ndipo alipokuja Hasuve, kaka yake Atiho.

"Mdogo wangu, mwanangu anaoa," alisema. "Siku ya mahari inakaribia. Tukitoa nguruwe mmoja tutachekwa mpaka na watoto."

"Sina kitu, kaka. Kahawa bado mbichi."

"Na ile mizinga?"

"Ile ni ya mama Delma."

"Iko kwenye ardhi ya nani?"

Hasuve akasimama, akatema mate mekundu ya popoo aliyokuwa akitafuna, akasema, "Twende."

Walifunga nyasi kavu, wakaziwasha, wakashuka bondeni. Delma alikuwa anatoka shule. Aliona moshi, akakimbia.

"Baba, asali haijaiva! Masega hayajafunikwa na nta. Msubiri mama!"

"Mama yako ndiye aliyekufundisha kunijibu?"

"Basi usifungue sanduku la chini la mzinga, baba. Nakuomba. La chini lina watoto wao."

"Msikie msomi!" Hasuve alicheka. "Kaa kando, mwanangu, utaungua."

Walifungua yote, la juu na la chini. Walikata masega yote. Majana meupe, ndio watoto wa nyuki, waliyakamua pamoja na asali kwenye ndoo. Nyuki wengi waliungua. Wengine waliruka, wakazunguka mivinje, wakaondoka. Waliobaki hawakuwa na chakula wala malkia. Baada ya siku chache ilibaki mizinga mitupu na sisimizi.

Na ile asali haikumfaa mtu. Ilikuwa na maji mengi. Ilipofika mjini ilikuwa imeanza kuchacha na kutoa povu. Mnunuzi aliinusa akasema, "Kamwageni mbali na duka langu." Siku ya mahari Hasuve alitoa nguruwe mmoja, tena mwembamba.

Sinake alirudi akiwa bado amejipaka udongo wa msiba. Nilikwenda kumpokea kijitoni. Nilimpa pole ya mama yake, la mizinga nikamwachia ajionee. Alipita, akaiona mizinga mitupu. Kisha alipanda nyumbani. Delma alimkimbilia akilia, akamweleza yote.

"Ni wewe?" Sinake alimuuliza mume wake.

"Mama Delma, haya ni mambo ya ukoo..."

"Nimekuuliza kama ni wewe."

"Mimi na kaka."

"Delma ataenda shule na nini?"

"Kahawa inaiva. Tutaona."

"Haya," alisema Sinake. "Tutaona."

Kesho yake alipika viazi, akalisha nguruwe, akapalilia bustani yake ya mboga. Kwenye kahawa hakwenda. Hata siku iliyofuata hakwenda. Matunda yaliiva mekundu, yakaanza kudondoka.

"Mama Delma, kahawa inaanguka!" Atiho alisema.

"Iko kwenye ardhi ya nani?"

"Unataka tufe njaa?"

"Viazi vipo. Kahawa yako ile pale, ichume."

Atiho alichukua mfuko, akaenda kuchuma mwenyewe. Wanawake walimwona kutoka njiani.

"Shemeji, umeolewa lini?" mmoja alipiga kelele.

"Chuma na za chini, shemeji! Au mgongo haupindi?"

Siku ya pili alikuwa hawezi kunyoosha kiuno. Alimwita Hasuve amsaidie. Hasuve akakumbuka kwamba ana kesi ya nguruwe kijiji cha pili.

Mimi nilimwambia Sinake, "Dada, hii kahawa inayooza si ingeweza kumpeleka mtoto shule?"

Alinitazama kwa macho makavu. "Miaka yote nimeichuma mimi. Umewahi kuona imeleta hata daftari moja?"

 

Joisi alikuja wiki ile kutembelea wafugaji wake. Hakuwa na habari ya mizinga. Aliposhuka bondeni aliokota kipande cha sega kilichoungua, akakaa nacho chini.

"Nimekuja kuangalia asali," alisema, "nimekuta msiba mwingine."

Jumamosi aliita watu wote wenye ndoa kwenye uwanja wa kanisa. Alisema hamtaki mume peke yake wala mke peke yake. Wanaume walikuja wakinung'unika. Joisi alichora miduara miwili chini, akamwaga punje za kahawa.

"Tuanze na Atiho na mama Delma. Nikitaja kazi, aliyeifanya aweke punje kwenye duara lake. Kupalilia?"

Sinake aliweka.

"Kuchuma? Kumenya? Kuanika? Kubeba magunia mpaka barabarani?"

Sinake aliweka, akaweka, akaweka.

"Kuuza?"

Atiho aliweka punje yake. Ilikaa pale peke yake. Mtu mmoja nyuma alicheka, mkewe akamwambia, "Cheka, zamu yako inakuja."

"Sasa," alisema Joisi, "nani anaamua pesa ya kahawa ifanye nini?"

Wote tulijua.

"Mimi ndiye kichwa cha nyumba," alisema Atiho kwa sauti ndogo.

"Sawa. Kichwa kilipokata masega ya sanduku la chini, kilijua ndani mna nini?"

"Asali."

"Watoto, shemeji. Na chakula chao. Asali ya kuvuna iko sanduku la juu. Nayo huvuni mpaka uone nyuki wameifunika kwa nta. Isipofunikwa ina maji, itachacha. Hutumii moto, unatumia moshi kidogo. Na hata ukivuna vizuri unawaachia nyuki akiba yao. Delma anayajua haya yote. Alikuambia?"

Atiho aliinamisha kichwa. "Aliniambia."

"Na mimi nilikosea," Joisi alisema. "Nilimfundisha mke peke yake. Nikafikiri inatosha. Mwanamke akiwa na biashara ambayo nyumba haiielewi, siku akisafiri biashara hiyo haina mlinzi."

Kisha alitueleza la kufanya. Mume na mke wakae mwanzo wa msimu, wakubaliane kila mazao ni ya nini: haya ya shule, haya ya chakula, haya ya shughuli za ukoo. Mke afungue akaunti benki kwa jina lake. Wanawake wenye nyuki waunde kikundi na mizinga iandikishwe kwenye kikundi, ili shemeji akija na nyasi zake ajue anagusa mali ya wengi. Wauze pamoja, chupa za aina moja, bei moja, maana mnunuzi humwonea anayekuja peke yake. Na mahali pa mizinga pakubaliwe mbele ya watu.

"Tuanze leo," alisema. "Atiho, mizinga ya bondeni ni ya nani?"

Atiho alimtazama kaka yake. Hasuve alikuwa amekunja mikono.

"Ni ya mama Delma," alisema Atiho. "Hata ikiwa kwenye ardhi yangu. Wote mmenisikia."

Hasuve aliondoka bila kuaga.

Sinake hakupiga makofi. Sisi tulipiga, yeye akabaki amekaa, anaziangalia punje zake.

Kikundi kilianzishwa. Wenzake wa kikundi walimpa Sinake makundi mawili ya nyuki, kwa sharti kwamba yakiongezeka naye atampa mwanamke mwingine. Atiho alijifunza pole pole. Alitengeneza masanduku ya mbao. Siku moja nyuki alimuuma mdomoni, na kijiji kizima kilikwenda kumtazama. Msimu uliofuata asali ilikuwa nzito na safi. Duka moja la mjini lilianza kununua chupa zote za kikundi. Kahawa sasa wanaichuma wote wawili. Siku ya kuuza wanapanda gari la mnunuzi wote wawili, na Sinake ndiye anayekaa mbele.

Lakini kati ya moto ule na asali ile, shule zilifunguliwa.

Delma alikuwa amechaguliwa. Atiho aliuza nguruwe wawili, akaenda naye mpaka sekondari. Pesa hazikutosha. Aliomba asubiriwe wiki moja. Alizunguka kwa ndugu zake wote, akaanza na Hasuve. Aliporudi, kitanda cha Delma kilikuwa na msichana mwingine.

Mwaka mmoja baadaye alikwenda tena, safari hii na pesa kamili ya asali na kahawa. Walimwambia matokeo ya zamani hayatumiki. Mtoto arudie darasa la nane, afanye mtihani upya.

Delma alirudia. Alikuwa mrefu kuliko wote, magoti yake hayakuingia chini ya dawati. Mtoto mdogo wa Hasuve alikaa mbele yake.

Jioni moja nilikuwa kwao, tunakula. Atiho alimmenyea binti yake kiazi, akampa.

"Wanakusumbua huko shuleni?" alimuuliza.

"Hapana. Wananiita shangazi tu."

"Na wewe unafanyaje?"

"Naitika, baba."

Atiho aliweka chakula chake chini, akatoka nje. Sinake hakumwita. Alisogeza chungu karibu na Delma, akasema, "Kula, mwanangu. Kesho una mtihani."