Tik, Tik Kinywani mwa Oydin

Weka mkono juu ya mkate huu uape: nitakayokwambia hayavuki kizingiti cha ua wangu. Umeapa? Haya. Nami niliapishwa hivyo hivyo na mke wa Ergash mtengeneza meno, na mkate ule niliumega nikauchovya kwenye chai nikaula, kwa hiyo usiniangalie hivyo. Sogea.

Unamjua Oydin, mke wa Qudrat mfumaji hariri. Yule binti alikuja hapa Margilani na pengo. Utotoni alipanda mforsadi kuchuma majani ya viwavi wa hariri, tawi likamkatikia, meno mawili ya mbele yakabaki chini ya mti. Basi siku ya kupeleka posa, wanawake wa mtaa wakapata la kutafuna.

"Zulhumor," akasema mmoja, "mkwe wako akicheka, kifaranga kitapita."

Zulhumor, mama yake Qudrat, si mtu wa kumezeshwa maneno. Akajibu pale pale, "Siku ya kumfunua uso mtafumba macho nyinyi. Namwekea daraja la meno ya dhahabu tupu!"

Dhahabu alisema ni ya hereni zake alizopewa na marehemu mama yake. Hereni zipi, hilo sijui. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta, na masikio yake nayajua kama vidole vyangu. Lakini aliipeleka kwa Ergash ikiwa imefungwa ndani ya leso, imepondwapondwa, na Ergash haulizi. Mteja huleta dhahabu yake, yeye huiyeyusha. Ilikuwa kidoleni au shingoni, hayamhusu.

Akayachonga meno mazima ya Oydin, moja upande huu na moja upande ule wa pengo, mpaka yakawa visiki, akayavika kofia za dhahabu, na katikati akaning'iniza mengine mawili ya dhahabu. Siku ya kufunuliwa uso, Oydin alitabasamu mara moja tu, na ua mzima ukafumba macho. Zulhumor alitembea siku ile kama bata mzinga.

Asubuhi ya pili Oydin alikuwa anafagia ua, mdomo ameufunga kama inavyompasa bi harusi, akasikia: tik, tik, tik. Akasimama. Ikakoma. Akafagia. Tik, tik. Ilitoka ndani ya kinywa chake mwenyewe, kama mtu anayegonga kipande cha sukari ya mawe kwenye jino kabla ya kukimumunya.

Akamfuata mumewe kwenye kitanda cha kufumia.

"Qudrat, marehemu bibi yako alikuwa anagonga sukari kwenye meno?"

Mkono wa Qudrat ukasimama juu ya nyuzi. Bibi yake, Bibi Anorhon, alikufa majira ya baridi yaliyotangulia harusi. Na yeye pia alikuwa na daraja la dhahabu, maarufu mtaa mzima. Hakunywa chai bila kuligonga kwa sukari kwanza.

"Nani kakwambia? Wewe hukumkuta."

"Hakuna aliyeniambia," Oydin akanong'ona. "Nimeota tu."

Tangu hapo hakupata raha. Chai ya moto ikifika kwenye ile dhahabu inapoa kama maji ya kisima. Chumba anachokaa kinanuka kafuri, hata milango ikiwa wazi na jua limeingia mpaka kwenye zulia. Mkate ukitoka tanurini, akiutafuna, unageuka udongo ulimini, udongo wa kweli, wenye vijiwe. Akautema kwenye leso na kuuficha, kwa sababu mkate hautemwi, na bi harusi autemaye mkate wa mama mkwe wake arudi kwao tu. Akawa anakunywa mchuzi, basi, shingo ikawa nyembamba, pete ikamcheza kidoleni. Na siku moja mchana, anajitazama kwenye kioo ili ajifunge kilemba, akaona mdomo wake wa juu unanyanyuka wenyewe, taratibu, kama pazia linalovutwa na mtu aliye upande wa ndani, mpaka dhahabu yote ikaonekana, na macho yake mwenyewe yakiwa yanalia juu ya kicheko cha kikongwe ambacho hakukicheka.

Akakimbilia kwa Ergash na viatu vya nyumbani. "Baba, nitolee!"

"Binti yangu, daraja kaliweka mama mkwe wako. Aniambie yeye."

"Hataki. Anasema namwaibisha mbele ya mtaa."

Ergash akafuta mikono, hakumtazama usoni. "Na chini yake kuna nini? Visiki. Jino nililolichonga halioti. Utakula na nini?"

"Sasa hivi nakula na nini?"

Mzee akamfungulia mlango. Mkewe, nyuma ya pazia, ndiye aliyesikia ile tik, tik iliyofuatana na binti mpaka mlangoni.

Qudrat akamleta Bibi Hosiyat mpunga pepo. Wanawake tukajaa uani, Zulhumor akimimina chai. Hosiyat akafukiza majani, akapiga dufu, akamzungukia Oydin mpaka moshi ukamziba. Sauti ikatoka. Nzito, ya mtu mzima, na midomo ya binti haikusogea.

"Punguza kelele. Mimi si kiziwi."

"Wewe ni Anorhon?" Hosiyat akauliza.

"Anorhon kaenda zake. Mimi nilikaa kwenye dhahabu yake tangu yeye msichana. Kinywa kizuri, chenye maneno mengi. Nilistahili kulala naye. Nikang'olewa kwa koleo kabla mwili haujapoa, nikapikwa motoni, nikatiwa humu."

"Toka, tukuzike alipozikwa."

Kile kitu kikacheka. "Kinywa chake kimekuwa udongo. Nikae wapi? Aliyening'oa aseme kwa ulimi wake, mbele yenu nyote, nami nitakwenda. Asiposema, nitakaa. Nitakula nyama kwanza, halafu mifupa."

Hosiyat akaliweka dufu chini. "Huyu hatoki kwa ngoma. Atatoka kwa ulimi wa mtu."

Macho yote yakamgeukia Mama Robiya, muosha maiti. Maskini, akaanza kulia. "Jamani, mimi namkuta marehemu keshafungwa taya! Kile kitambaa cheupe mimi sikifungui, hakuna anayekifungua! Nitajua nini kilichomo kinywani?"

Ni kweli. Kwetu roho ikitoka, mwanamke wa karibu ndiye wa kwanza kuingia, peke yake, amfunge marehemu taya lisibaki wazi. Kisha kitambaa kile huenda naye mpaka kaburini. Na la Anorhon alilifunga nani, kama si Zulhumor? Oydin alimtazama mama mkwe wake. Lakini bi harusi atamwambiaje mama mkwe wake neno kama lile? Akainamisha kichwa. Zulhumor akasema, "Huyu Hosiyat kazeeka, anaropoka. Kunyweni chai."

Basi tukanywa. Na Oydin akazidi kukauka.

Sasa Zulhumor alikuwa na mwana wa pili wa kuozwa, na mchumba wa huyo mwana naye alishaahidiwa dhahabu, maana Zulhumor hawezi kukaa na ulimi wake. Miti ilipoanza kuchanua, akafa jirani yetu Bibi Tojihon, asubuhi, kwenye mkeka wake wa chai. Naye kinywa chake chote kiling'aa dhahabu. Kabla binti zake hawajamaliza kupiga yowe, Zulhumor alishaingia na kitambaa cheupe.

"Tokeni, wanangu, tokeni! Jirani yangu namfunga taya mimi mwenyewe."

Tukatoka. Tukaomboleza uani kama desturi. Oydin ameegemea ukuta, hana nguvu ya kulia. Ndipo tukaisikia sote. Tik, tik. Kilio kikapungua. Tik, tik, tik, kwa nguvu, na harufu ya kafuri ikatujia kama mlango wa kaburi umefunguliwa, na miguu ya binti, ile miguu isiyoweza hata kubeba ndoo, ikamchukua katikati yetu huku yeye akishika mikono yetu na kusema nishikeni, nishikeni, wala hatukuweza kumshika, mpaka akafika kwenye pazia la chumba cha marehemu, na mkono wake ukalivuta likaanguka.

Zulhumor alikuwa amepiga magoti, koleo mkono wa kulia. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa ndani ya kinywa cha Bibi Tojihon, na meno ya maiti yalikuwa yameviuma yakafunga. Damu ilikuwa inatiririka juu ya kitambaa cheupe.

Oydin akaanguka mbele yake.

"Mama, sema. Sote tumeona. Neno moja tu, Mama, niponye."

Zulhumor alitutazama mmoja mmoja, binti za marehemu, mimi, Mama Robiya. Akalitazama koleo kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Nilikuwa namfunga taya," akasema.

"Mama!"

"Namfunga taya. Mnatazama nini?"

Mdomo wa Oydin ukanyanyuka wenyewe, dhahabu yote ikatucheka. Kisha tukaisikia tena, tik, tik, tik, taratibu sasa, kama mtu aliyepata pa kukaa na ana chai nyingi ya kunywa.