Mchicha wa Nyuma ya Gereji

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Edna alibeba ndoo akamwagilie mchicha wake. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake, kibarua wa mashamba kutoka Singida, alirudi jua likizama. Shuleni hapo Karatu hakuna aliyemwita mchezoni, basi akazoea kuongea na mchicha.

Aliupanda nyuma ya gereji iliyofungwa. Fundi wa pale alikuwa akipasua betri kuukuu za magari ya watalii, akiyeyusha madini ya risasi yaliyomo yawe vizito vya nyavu za wavuvi wa Ziwa Eyasi. Magugu hayakuota hapo. Edna akaona kapata shamba lisilo na palizi. Akamwaga samadi, mchicha ukanawiri.

Ijumaa ilikuwa zamu ya darasa lake kuleta mboga ya chakula cha mchana. Anifa, ambaye hakuwahi kumsemesha, akamwambia, "Wewe wa Singida, ukileta mchicha wako utakaa benchi letu."

Alhamisi, Mwalimu Clemensi akafundisha kuhusu sumu ya betri. Edna akakumbuka gereji, akainua mkono.

"Mwalimu, mboga ikioshwa kwa chumvi je?"

"Hata kwa sabuni haisaidii. Vumbi la juu litatoka. Risasi iliyopanda kupitia mizizi haitoki, haina harufu, nayo inaharibu ubongo wa mtoto polepole."

Ijumaa, benchi la Anifa bado likimvuta, aliingia jikoni na furushi lake la mchicha. Mpishi, Mama Scholastika, akanyoosha mkono. "Lete mwanangu, maji yanachemka."

Edna akalikumbatia. "Usiupike, mama. Umeota penye betri."

"Sasa tule ugali na nini, na maneno yako?" Anifa akauliza kutoka mlangoni. Wenzake wakacheka. Edna alikula ugali mkavu, peke yake.

Alasiri Mwalimu alikwenda naye gereji, akalizungushia shamba miiba, akamwita bwana shamba achukue udongo ukapimwe. Mama yake akaagizwa yeye na Edna wakapimwe damu. Majibu yalipokuja, damu yao ilikuwa salama bado. Udongo ulijaa risasi. Shule ikampa Edna tuta jipya karibu na bomba.

Mchana wa siku hiyo ya majibu, Mwalimu alimkuta bado anakula peke yake, akaketi.

"Udongo hauna mdomo, Edna. Anayejua ubaya wake ndiye wa kuusemea, hata akikosa wa kula naye. Umewakinga wenzako, na wengine hawatakushukuru. Sema hata hivyo."

"Ndiyo, mwalimu," alisema Edna, akamsogezea sahani wale pamoja.